Damu ni ileile, kwa nini ateri moja inaziba na nyingine inabaki safi? Tujadili seli za ukuta wa mshipa

#1 Darubini

Wakuu, salaam.

Katika upasuaji wa baipasi ya moyo (kuipitisha damu pembeni ya ateri iliyoziba), daktari hutumia mishipa ya aina mbili kwa mgonjwa mmoja: ateri ya ndani ya kifua na veini ndefu ya mguu. Zote zinashonwa kwenye ateri za moyo. Zote zinapitisha damu ileile, LDL (chembe zinazobeba kolesteroli) ileile, sukari ileile, presha ileile. Miaka 10 ikipita, zaidi ya asilimia 90 ya ateri za kifua bado ziko wazi, ilhali karibu nusu ya zile veini zimeziba au zimebanwa vibaya.

Kama kolesteroli ya damu ndiyo kila kitu, tofauti hii inatoka wapi? Mimi nasema atherosklerosisi (ateri kuota plaki, yaani malundo ya mafuta na seli ukutani) ni ugonjwa wa seli za ukuta wa mshipa, na LDL ni mali ghafi tu. Swali langu ni hili: ni seli ipi inayoanza kukosea? Ile ya endothelia inayogusana na damu, au ya misuli laini iliyo chini yake?

Karibuni, ila mje na ushahidi.

#2 MkemiaMkuu

Darubini, napinga mapema kabla uzi haujaota mizizi. "Mali ghafi tu" ni kauli nzito. Watu waliorithi jeni mbovu ya kipokezi cha LDL kutoka kwa baba na mama huwa na LDL inayozidi 13 mmol/L, na wasipotibiwa hupata shambulio la moyo wakiwa watoto au vijana. Seli zao za ukuta hazikuzaliwa na kasoro nyingine yoyote.

Geuza upande wa pili. Mwaka 2006 kundi la Cohen na Hobbs lilichapisha matokeo ya Wamarekani weusi waliozaliwa na jeni ya PCSK9 (inayopunguza vipokezi vya LDL) isiyofanya kazi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa ateri za moyo ulipungua kwa asilimia 88. Upungufu mdogo uliodumu maisha yote umetoa kinga kubwa. Na Anitschkow alishaonyesha mwaka 1913 kwamba sungura akilishwa kolesteroli pekee ateri zake zinaota plaki.

Ukuta unaamua plaki ikae wapi. Kama itakuwepo au la, hilo linaamuliwa na LDL.

#3 Mkondo

Mkemia, hapo kwenye "wapi" ndipo penye utamu, usipapite haraka.

Plaki hazisambai ovyo. Zinapenda pale ateri inapogawanyika, kwenye kona ya ndani ya mpindo, na kwenye ukuta wa nje wa kile kivimbe cha ateri ya shingo pale inapogawanyika. Kinachotofautisha sehemu hizo ni msuguano wa damu kwenye endothelia. Hesabu yake ni rahisi: zidisha 4 kwa mnato wa damu kwa kiasi cha damu kinachopita kila sekunde, kisha gawanya kwa pai mara nusu kipenyo kipeo cha tatu. Chukua ateri ya shingo yenye nusu kipenyo cha milimita 3, mililita 6 za damu kwa sekunde, mnato wa 0.0035 paskali sekunde. Unapata takriban paskali 1. Kwa kuwa nusu kipenyo kimepigwa kipeo cha tatu, mshipa ukitanuka kidogo tu msuguano unaporomoka.

Msuguano ukiwa paskali 1.5 na zaidi, tena wa kwenda mbele mfululizo, seli za endothelia hurefuka na kulala kufuata mkondo. Jeni za KLF2 na KLF4 huwaka, kimeng'enya cha eNOS hutengeneza naitriki oksaidi kutoka kwa L-aginini, mshipa hulegea na chembe sahani hazinati. Ukishuka chini ya paskali 0.4, au damu ikienda mbele na kurudi nyuma katika kila pigo, seli zinabaki na umbo la pembe pembe, KLF2 inazimika, NF-kB (swichi ya inflamesheni) inaamka, na uso wa seli unaota VCAM-1, protini inayokamata monosaiti (seli nyeupe za damu) zinazopita.

Jibu langu kwa Darubini: endothelia ndiyo inayoanza. Inajeruhiwa na mkondo mbaya, mengine yanafuata.

#4 BintiMaabara

Mkondo, hesabu yako iko sawa, ila neno "inajeruhiwa" nitalirekebisha.

Russell Ross na Glomset walipotoa nadharia ya jeraha katika miaka ya 1970 walidhani endothelia inachubuka, chembe sahani zinanata pale palipo wazi na kumwaga PDGF (kichocheo cha seli kuzaliana), halafu misuli laini inazaliana. Baadaye, plaki changa zilipotazamwa kwa hadubini ya elektroni, zilionekana zimefunikwa na endothelia nzima isiyo na pengo. Ross mwenyewe aliisogeza nadharia, na mwaka 1999 akaueleza ugonjwa huu kuwa wa inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili). Kwa hiyo seli ipo hai mahali pake, lakini imebadili kazi.

Na LDL haihitaji jeraha ili ipite. Chembe yake ina upana wa nanomita 20 hivi, kubwa mno kwa mianya iliyofungwa vizuri kati ya seli na seli. Inavushwa katikati ya seli yenyewe ndani ya vifuko vidogo, kwa kushikwa na vipokezi vya SR-B1 na ALK1. Kipokezi cha kawaida cha LDL hapa hakina kazi kubwa. Endothelia inaipokea LDL upande wa damu na kuitema upande wa ukuta.

Wapo wanaosema njia kubwa ni nyingine: seli inapogawanyika au kufa, kwa muda mfupi kunabaki mwanya mpana pembeni yake, na LDL hupenya hapo. Penye mkondo mbaya seli hufa na kugawanyika zaidi, hivyo hata hoja hiyo inaendana na ramani ya Mkondo. Zote mbili zina ushahidi.

#5 Misuli Laini

Nimesubiri mtu aitaje seli yangu, naona mnazunguka kwenye tabaka moja la juu tu.

LDL kuingia ukutani si habari. Inaingia kila mahali, na kwenye sehemu nyingi inatoka. Swali ni kwa nini mahali fulani inakwama. Mwaka 1995 Williams na Tabas waliliweka wazi hilo: kukwama ndiko kunakoanzisha ugonjwa. Inakwamishwa na nini? Proteoglaikani, yaani protini za ukutani, hasa biglaikani na vesikani, zenye minyororo mirefu ya sukari yenye chaji hasi. ApoB-100, protini ya LDL, ina sehemu yenye amino asidi za chaji chanya, zinashikana. Panya waliopewa LDL iliyobadilishwa sehemu hiyo ndogo tu isishike proteoglaikani walipata plaki chache zaidi ingawa kolesteroli ya damu ilikuwa juu vilevile. Mkemia, hiyo ni LDL ile ile uliyoitetea, imepokonywa mahali pa kushika.

Na nani anazitengeneza proteoglaikani hizo? Misuli laini. Kwa binadamu, tabaka la ndani la ateri za moyo hunenepa kwa misuli laini tangu utotoni kwenye zile kona za Mkondo, kabla tone la mafuta halijaonekana.

Baada ya hapo seli hii inageuka. Ikiwa ndani ya ukuta wenye afya ni ya kukaza mshipa: imejaa ACTA2 na MYH11, protini za kukaza, haigawanyiki. Ikipata PDGF, au mafuta yaliyooksidika, jeni ya KLF4 inaamka (ileile ya Mkondo, ila kwenye seli hii inaleta mengine). Inapoteza nyuzi za kukazia, inahama kwenda tabaka la ndani, inagawanyika, na inaanza kumeza mafuta hadi inakuwa seli povu. Mwaka 2014 Allahverdian na wenzake walipima ateri za moyo za binadamu wakakuta karibu nusu ya seli povu zina asili ya misuli laini. Mwaka 2015 kundi la Owens lilizitia alama ya kudumu seli hizi kwenye panya: zaidi ya asilimia 80 ya misuli laini ndani ya plaki haikutambulika kwa vipimo vya kawaida, na sehemu kubwa ya seli tulizokuwa tukiziita makrofaji (seli za kinga zinazotokana na monosaiti) ilikuwa misuli laini iliyovaa sura nyingine.

Kwa hiyo vitabu vya zamani vinavyohesabu makrofaji kwa rangi ya CD68 (alama ya makrofaji) vimekuwa vikihesabu seli mbili kwa jina moja.

#6 Mfuatiliaji

Asanteni, nasoma kwa makini. Misuli Laini, nimekuelewa kwamba seli hii inageuka kuwa mbaya. Basi si itafutwe dawa ya kuizuia isizaliane, mambo yaishe?

#7 BintiMaabara

Mfuatiliaji, hapana, na hapa lazima twende taratibu.

Juu ya plaki kuna kofia ya nyuzi. Kolajeni iliyomo inatengenezwa na misuli laini hiyohiyo. Kofia ikiwa nene, lundo la mafuta chini yake linaweza kukaa miaka mingi bila mgonjwa kujua. Ikishuka chini ya mikromita 65, ambazo ni kama unene wa unywele mmoja, inaitwa kofia nyembamba na ndiyo inayopasuka. Kinachoipunguza ni mambo mawili kwa pamoja: makrofaji zinamwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na seli T za kinga zinatoa intafironi gama, kemikali inayoiamuru misuli laini iache kutengeneza nyingine. Misuli laini ikifa kwa wingi, hakuna fundi wa kuziba.

Panya walioondolewa KLF4 kwenye misuli laini pekee walipata plaki ndogo zenye kofia nene. Walioondolewa Oct4 kwenye seli zilezile walipata kinyume: plaki kubwa zaidi, kofia dhaifu. Halafu mwaka 2019 kundi la Wirka na Quertermous lilionyesha kwamba jeni ya TCF21 inaipeleka misuli laini kwenye sura ya kutengeneza nyuzi za kofia, na ndani ya plaki walizochunguza, nyingi ya seli zilizogeuka zilikuwa za aina hiyo, si seli povu. Kwa hiyo kugeuka kwenyewe si kosa. Tatizo ni seli imegeukia upande gani.

#8 Stenti

Naongezea kwa swali la #6, maana dawa ya kuizuia isizaliane ipo, na matokeo yake tumeyaona.

Stenti (kimrija cha waya kinachotanuliwa kwa puto ndani ya ateri iliyobanwa) ya chuma kitupu ilikuwa ikibanwa tena katika asilimia 20 hadi 30 ya wagonjwa ndani ya miezi michache. Puto linapotanuliwa linakwangua endothelia na kuchana tabaka la kati, misuli laini inapanda na kujaza ndani ya waya. Zikaja stenti zenye sirolimasi au paklitakseli. Sirolimasi inazuia mTOR (swichi ya ukuaji wa seli), paklitakseli inagandisha mifupa ya ndani ya seli, zote zinakatiza kugawanyika. Kubanwa tena kukashuka chini ya asilimia 10.

Tatizo ni kwamba dawa haichagui. Endothelia nayo inachelewa kurudi, waya unabaki uchi, damu inaganda juu yake. Ndiyo maana mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli au mwenzake: kwa kawaida miezi 6 kama stenti iliwekwa kwa ugonjwa tulivu, miezi 12 kama ilikuwa shambulio la moyo, na daktari hurefusha au kufupisha kulingana na hatari ya kuvuja damu. Asiikatishe mwenyewe, hata kwa ajili ya kung'oa jino, bila kumuuliza aliyemwekea.

Na hata endothelia ikirudi juu ya stenti ya dawa, mara nyingi imefungana vibaya na inavujisha LDL. Miaka kadhaa baadaye plaki mpya inaota ndani ya stenti, mapema kuliko kwenye chuma kitupu.

#9 MkemiaMkuu

Misuli Laini, umekuja na rungu leo, heshima yako. Nakubali proteoglaikani. Lakini angalia: ule utafiti wa panya ulibadilisha LDL, haukubadilisha ukuta. Bado mshtakiwa wangu yuko kizimbani.

#10 Misuli Laini

Mkemia, shikana kunahitaji wawili. Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi.

Mwaka 1973 Benditt baba na Benditt mwana walichunguza plaki za wanawake kwa kutumia kimeng'enya cha G6PD, ambacho jeni yake iko kwenye kromosomu X. Kila seli ya mwanamke hutumia X moja tu, hivyo tishu ya kawaida ina mchanganyiko wa aina zote mbili. Plaki nyingi zilikuwa na aina moja tu. Walihitimisha kwamba plaki inaota kutoka kwenye seli moja ya misuli laini kama uvimbe usio wa saratani. Nadharia hiyo iliwekwa kabatini miaka mingi. Kisha wakaja panya wenye seli za rangi nyingi, na kuanzia mwaka 2016 picha zikaonyesha jambo lilelile: misuli laini yote ya plaki imetokana na seli chache mno za tabaka la kati, kila moja na ukoo wake wa rangi moja.

Kwa nini hizo chache, wakati jirani zake wamelala kwenye LDL ileile na mkondo uleule?

#11 Kiini

Hilo linafanana na habari ya jeni za TET2 na DNMT3A, wazee wenye ukoo mmoja wa seli unaozaliana, na hatari yao ya ugonjwa wa moyo ikipanda karibu maradufu. Misuli laini inapata mabadiliko ya jeni ileile.

#12 BintiMaabara

Kiini, umechanganya. TET2 na DNMT3A unazozitaja ni mabadiliko kwenye seli shina za damu ndani ya uboho. Wazao wake ni monosaiti na makrofaji zinazotoa interlukini 1 beta (kichocheo cha inflamesheni) kupita kiasi. Si seli za ukuta. Koo za misuli laini za #10 kwenye panya zinatokea ndani ya wiki chache bila mabadiliko ya jeni kuhitajika. Maelezo mengine ya koo hizo ni nafasi tu: seli iliyotangulia kupenya tundu la utando wa elastini ndiyo inayojaza chumba.

#13 Kiini

Nimekupata, asante.

#14 Mkondo

Mkemia, tukija kwenye dawa: jaribio la CANTOS, mwaka 2017, wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo. Kanakinumabu miligramu 150 kila miezi mitatu, inazuia interlukini 1 beta. LDL haikushuka. Matukio makubwa yalipungua kwa asilimia 15. Hiyo ni inflamesheni ya ukuta imepigwa peke yake, na mgonjwa amefaidika.

#15 MkemiaMkuu

Na FOURIER, jaribio la dawa ya kuzuia PCSK9, mwaka huohuo, wagonjwa 27,564: LDL kutoka 2.4 hadi 0.78 mmol/L, matukio chini kwa asilimia 15 ndani ya miaka miwili na kidogo. Namba ileile. Tofauti ni kwamba kanakinumabu iliongeza vifo vya maambukizi. Na mwaka 2018 methotrekseti ya dozi ndogo, dawa nyingine ya inflamesheni, haikusaidia kabisa.

#16 Mkondo

Methotrekseti katika utafiti huo haikushusha interlukini 1 beta wala CRP (kipimo cha inflamesheni kwenye damu). Haikugusa njia iliyokusudiwa, kwa hiyo haiwezi kuhukumu nadharia. Kolchisini, dawa nyingine ya inflamesheni, miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza matukio kwa asilimia 31 kwenye ugonjwa sugu, utafiti wa LoDoCo2, 2020.

#17 MkemiaMkuu

Na kolchisini hiyohiyo ilitoka mikono mitupu mwaka 2024 kwenye CLEAR SYNERGY, walioanzishiwa mara baada ya shambulio. Tuendelee.

#18 Darubini

Wakuu, mnanoga, ila ateri ya kifua niliyoianzia hamjaigusa hata mmoja.

#19 Mshona Mishipa

Darubini, nakujibu kwa upande wa meza ya upasuaji.

Ateri ya ndani ya kifua ina utando wa elastini (protini inayonyumbulika) wenye matundu machache, hivyo misuli laini ya tabaka la kati haipati pa kupenyea. Tabaka lenyewe la kati lina misuli laini kidogo. Endothelia yake inatoa naitriki oksaidi nyingi kuliko ya veini. Na mara nyingi haikatwi upande wa juu: inabaki imeunganika na shina lake, inazungushwa upande wa chini tu.

Veini ya mguu inatolewa mahali penye presha ya chini, kama 10 mmHg mgonjwa akiwa amelala, na inawekwa ghafla kwenye 100. Ukuta wake haujawahi kubeba mzigo huo. Lakini uharibifu mwingi unatokea kabla haijashonwa. Veini ikivuliwa mafuta yanayoizunguka inakunjamana, kisha msaidizi anaijaza kwa bomba la sindano ili iachie na kuonyesha matundu ya kufungwa. Mkono wa mtu unaweza kusukuma zaidi ya 300 mmHg bila kujua. Endothelia inabanduka kwa vipande. Halafu inalazwa kwenye chumvichumvi ya kawaida, ambayo haina kinga ya asidi, na inaumia tena.

Baada ya hapo mambo huenda kwa awamu. Mwezi wa kwanza ni damu kuganda pale endothelia ilipobanduka. Hadi mwaka mmoja ni misuli laini kujaza tabaka la ndani. Baada ya hapo ni atherosklerosisi yenyewe, yenye kofia dhaifu na mafuta mengi.

Souza wa Sweden alianza kutoa veini pamoja na mafuta yake bila kuigusa wala kuijaza kwa nguvu. Miaka 16 baadaye asilimia 83 za veini hizo zilikuwa wazi, dhidi ya 64 za njia ya kawaida.

#20 Stenti

Mshona Mishipa, ongeza na jaribio la SWEDEGRAFT, matokeo ya 2024: wagonjwa wengi zaidi, na ndani ya miaka miwili tofauti haikuwa na uzito wa kitakwimu, huku vidonda vya mguu vikisumbua zaidi kwenye kundi la kutogusa.

#21 Mshona Mishipa

Kweli. Ila miaka miwili ni kipindi cha damu kuganda na misuli laini kujaza. Faida iliyodaiwa na Souza inakuja baadaye. Na vidonda ni sababu halali ya kutoikimbilia kwa kila mgonjwa, hasa mwenye kisukari.

#22 Mfuatiliaji

Naomba kutoka kidogo nje ya mada. Tunasema ateri "imekuwa ngumu". Ugumu wenyewe ni plaki au ni chokaa? Mtu akipimwa akaambiwa ana kalsiamu kwenye ateri za moyo, na anatumia statini (dawa ya kushusha LDL), kisha namba ikapanda, ina maana dawa haifanyi kazi?

#23 Picha ya Kifua

Swali zuri, na hauko nje ya mada.

Kuna chokaa ya namna mbili. Moja iko tabaka la ndani, ndani ya plaki. Nyingine iko tabaka la kati bila plaki, aliyoieleza Mönckeberg mwaka 1903, inayoshika sana wenye kisukari, figo mbovu na umri mkubwa. Hiyo ya pili haizibi mshipa, inaufanya usitanuke.

Zote mbili zinajengwa na misuli laini. Fosfati ikiwa juu, inaingia ndani ya seli kupitia mlango wa PiT-1, jeni ya RUNX2 inaamka, na seli inaanza tabia ya seli ya mfupa: inamwaga vifuko vidogo ambavyo ndani yake fuwele za haidroksiapataiti huanza kuota. Kwa kawaida inajilinda kwa protini ya MGP, na MGP haifanyi kazi bila vitamini K. Ndiyo maana wafarini, inayozuia vitamini K, huongeza chokaa.

Kuhusu kipimo: CT huhesabu kila doa lenye msongamano wa 130 HU (kipimo cha ung'aavu kwenye CT) na kuendelea, kisha huzidisha eneo lake kwa alama 1 hadi 4 kulingana na ung'aavu wake. Statini hugeuza plaki laini kuwa ngumu, hivyo namba inaweza kupanda wakati hatari inashuka. Doa zito lililoungana ni salama kuliko vijidoa vidogo vilivyotapakaa kwenye kofia, maana kingo za vijidoa hivyo ndizo zinazovuta kofia hadi inachanika. Kwa hiyo mtu aliyekwisha anza statini hafaidiki kurudia kipimo hiki ili kupima dawa. Apime LDL.

Tahadhari nyingine kwa wapima miguu: presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoa zaidi ya 1.4, usiseme mguu uko salama. Ateri imejaa chokaa na mkanda hauwezi kuibana. Pima kwenye kidole gumba cha mguu, ateri zake hupata chokaa kwa nadra.

#24 Kiini

Basi vitamini K2 itasafisha chokaa?

#25 Picha ya Kifua

Nadharia inavutia. Jaribio la AVADEC, mwaka 2022, lilitoa mikrogramu 720 za K2 pamoja na vitamini D kwa miezi 24 kwa wanaume wenye chokaa kwenye vali ya aota. Chokaa iliendelea kuongezeka karibu sawa na kwa waliopewa dawa bandia. Na mtu anayetumia wafarini asijaribu K2 kabisa bila daktari, itavuruga dozi yake.

#26 Mkondo

Kwa wanaotaka kuipima endothelia yenyewe, ipo njia isiyohitaji sindano, na wengi wanaikosea. Mhusika afunge angalau saa 6, bila kahawa wala tumbaku, alale dakika 10 chumba chenye joto la wastani. Pima kwa altrasaundi kipenyo cha ateri ya mkono juu kidogo ya kiwiko. Funga mkanda wa presha kwenye kigasha, chini ya kifaa cha altrasaundi, ujaze hadi 50 mmHg juu ya presha yake ya juu, subiri dakika 5, achia ghafla. Damu inakimbia, msuguano unapanda, endothelia inatoa naitriki oksaidi, mshipa unatanuka. Endelea kurekodi hadi dakika 3 kamili, kwa sababu kilele huja kwa wakati tofauti kwa kila mtu.

Kosa la kwanza ni kufunga mkanda mkono wa juu, kati ya kifaa na moyo. Hapo ateri unayoipima nayo imekosa damu na jibu lake halitokani na naitriki oksaidi peke yake. Kosa la pili ni kusahau ukubwa wa kinachopimwa: ateri ya milimita 4 ikitanuka kwa asilimia 5 ni milimita 0.2. Mkono wa mpimaji ukisogea umeshaharibu. Mwishoni toa naitrogliserini chini ya ulimi, miligramu 0.4. Mshipa ukishindwa kutanuka hata hapo, tatizo ni misuli laini, si endothelia.

#27 Misuli Laini

Hapo Mkondo umetenda haki, umeipa seli yangu kipimo chake.

#28 Kisu cha Maabara

Nimechelewa. Wote mnazungumzia plaki inayopasuka. Karibu theluthi ya mashambulio ya moyo kofia haijapasuka kabisa. Endothelia imebanduka juu ya plaki yenye misuli laini na proteoglaikani nyingi, mafuta kidogo, makrofaji chache, na damu imeganda hapo. Hutokea zaidi kwa wavutaji sigara, na kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi. Ili kuiona kwa mtu aliye hai unahitaji picha ya OCT (ya mwanga, kutoka ndani ya mshipa) yenye uwezo wa kutenganisha mikromita 10 hadi 15. Altrasaundi ya ndani ya mshipa haioni, uwezo wake ni mikromita 100 na zaidi.

Kwa ugonjwa wa aina hiyo maelezo ya Mkemia hayatoshi, na ya Misuli Laini kuhusu kofia hayafiki. Na tabaka la nje mmelisahau. Wolinsky na Glagov walionyesha kwamba kwa mamalia ukuta wa aota wenye tabaka za elastini zaidi ya 29 huwa na mishipa yake midogo ya kuulisha. Aota ya tumbo ya binadamu iko chini ya hapo, haina mishipa hiyo katika tabaka la kati, na kila tabaka linabeba mzigo mkubwa kuliko kwa wanyama wengine. Ndiyo sehemu inayooza kwa plaki kuliko ya kifuani. Inawezekana ukuta unakosa oksijeni kwanza, LDL inakuja baadaye.

#29 MkemiaMkuu

Kisu, nakubali hiyo ya kubanduka. Lakini ateri ya mapafu je? LDL ileile, oksijeni ukutani inapata, mkondo una kona kibao, na plaki hakuna. Presha yake ya wastani ni kama 15 mmHg. Presha ya mapafu ikipanda kwa ugonjwa, plaki zinaonekana. Mkondo, msuguano wako unalielezaje hilo?

#30 Mkondo

Msuguano peke yake hauelezi. Ni mvutano: presha ikipanda ukuta unatanuliwa kila pigo, na LDL inasukumwa kupita endothelia kwa nguvu zaidi.

#31 Misuli Laini

Na anayeuhisi mvutano huo ndani ya ukuta ni nani? Misuli laini ikivutwa inaongeza proteoglaikani, hilo limepimwa kwenye seli za maabara bila damu wala presha ya mtu yeyote.

#32 MkemiaMkuu

Bila damu, maana yake bila LDL. Na hiyo sahani ya maabara haikuota plaki.